Kistari Nilichokiacha

Jumapili, Mpumudde, Jinja. Mvua haijakatika tangu asubuhi, na mimi, bibi harusi wa wiki tano, siwezi kumtazama mume wangu usoni.

Jamani, nampenda Wanyama! Hata anavyopuliza chai, nampenda. Aliponiomba nimsaidie kazi yake ya kompyuta, niliruka kwa furaha.

Kaka yake alikuwa rubani. Wakati wa vita alibeba majeruhi, ndege ikaingia kwenye wingu, ikaanguka mlimani. Watu wakasema aliirusha ovyo. Vita vimekwisha, lakini mama yao bado anayasikia maneno hayo sokoni Mbale. Ndiyo maana Wanyama, aliyesomea uhandisi, anakokotoa kama barafu ingeweza kuganda kwenye mabawa siku ile. Unaipa programu mwendo wa ndege, ukubwa wa matone ya wingu na joto la hewa, nayo inakuchorea bawa na barafu yake.

"Karani wangu wa barafu," alinitania akinipa karatasi ya namba, "usinichanganyie mapenzi humo!"

Kwenye joto alikuwa ameandika hasi nane, yaani kistari kisha nane. Mimi nikaingiza nane. Nilidhani kile kistari ni cha kupangia tu, kama ninavyoandika orodha yangu ya sokoni. Hapa Jinja nani amewahi kuhisi joto chini ya sifuri?

Bawa likatoka safi, bila barafu. Nikapiga vigelegele kwa kuwa programu imenikubali!

Alhamisi tulikwenda Mbale, Wanyama akamwambia mama yake haikuwa barafu. Mama aliweka chini bakuli la malewa, mboga ya machipukizi ya mianzi.

"Basi walisema kweli," akasema. "Mwanangu aliwaua watoto wa watu."

Hakula tena.

Leo nikipanga karatasi nimeiona ile ya namba. Ukurasa mzima una kistari kimoja tu, mbele ya ile nane; hakikuwa cha kupangia.

Niliificha chini ya godoro. Ndiyo, niliificha. Mama wa watu analia Mbale, mimi naogopa mume wangu ataniona mjinga.

Saa nane mchana nikaitoa, nikampa. Hakunigombeza. Aliingiza namba upya, tukangoja. Barafu ikaota mbele ya bawa, nene, imechongoka kama pembe.

Akachukua simu ampigie mama. Nikamshika mkono. Neno kama hili halipelekwi kwa simu.

Kesho asubuhi napanda basi la Mbale, peke yangu. Nitapiga magoti mbele ya mama mkwe wangu nimwambie: Mama, mwanao hana kosa. Aliyekosea ni mimi.