Nyumba Yako Ilitisha, Bibi

Mpendwa Bibi wa Mzenga,

Shikamoo. Najua ungeitikia marahaba, kisha ungeuliza, "Mume wangu, leo umenikumbuka?" Nimekukumbuka, Bibi. Juzi tulionyesha filamu yetu chuoni, na tangu hapo sina raha.

Unaikumbuka siku niliyokuja na Hamisi, mshika kamera wetu? Tulitoka Kibaha kutafuta nyumba ya kupigia filamu ya kutisha, ya mzimu unaokataa kuhama. Tulishakagua mapagala ya Tangini, yale majumba yaliyoachwa kabla ya kuezekwa, yote yananuka mikojo tu. Ndipo nikakumbuka kwako: ukuta umepasuka mpaka fito zinaonekana, jikoni masizi matupu, mlango unalia kila ukiguswa. Nilikwambia tunatafuta nyumba ya kupigia picha, nikaishia hapo. Nani amwambie bibi yake kwamba kwake panafaa kukaa mizimu?

Ulikuwa unamenya mihogo. Hamisi alizunguka nyumba na simu yake, akarudi uwani akipiga makofi. "Bibi, nyumba yako inatisha!"

Kwetu vijana hiyo ni sifa. Kitu kikitisha, kimependeza kupita kiasi. Ulijifunga khanga upya, ukanigeukia. "Umesikia, mume wangu? Nyumba ya mkeo inatisha." Tukacheka, mimi kuliko wote. Nilidhani umelielewa neno kama sisi. Hamisi akakuomba picha ya kuagana, ukaenda kusimama mbele ya ule ufa mkubwa, khanga umeitandaza kwa mikono yote miwili. Nikadhani unapozi.

Tuliporudi na wenzetu na taa, nyumba ile hatukuikuta. Umeikandika yote, umeipaka chokaa, na chini umeizungushia mstari wa udongo mwekundu. Mlango umeutia mafuta, haulii tena. Hata kupika ulikuwa unapikia nje, moshi usichafue ukuta kabla hatujafika. Umevaa gauni lako la Idi. "Haya, pigeni," ukasema. "Sasa haitishi."

Hamisi akaniangalia, nikaangalia chini. Pale mzimu usingekaa hata kwa kubembelezwa. Tukala wali wako na kisamvu, tukasingizia jua kali, tukaaga. Filamu tukaipigia Tangini, kwenye pagala.

Kila nilipokupigia simu uliuliza, "Mnakuja lini? Chokaa inachafuka." Nami nikajibu, karibuni. Nilikusudia kweli kuja peke yangu na kamera, nikupige picha umekaa barazani kwako, unisimulie ya zamani. Ngoja ngoja yaumiza matumbo. Siku niliyofika, waombolezaji walikuwa wamekaa kwenye mikeka, wameegemea ukuta wako mweupe, na kila aliyeinuka aliondoka na chokaa mgongoni.

Baba mdogo alinisimulia pale pale msibani kwamba udongo uliuchimba mwenyewe na maji ukayabeba mwenyewe. Akitaka kukusaidia unamfukuza. "Mume wangu asije akaona haya mbele ya wenzake," ndivyo ulivyomwambia. Bibi, hilo linaniuma kuliko yote. Ulininunia siku ngapi moyoni bila kunionyesha? Mume gani huyu, anacheka nyumba yake ikiambiwa inatisha, kisha anamwachia mkewe kazi ya kukandika?

Ile picha ya kuagana nimeihamishia kwenye simu yangu. Sasa naona wazi kwamba hukuwa unapozi. Ulikuwa unauficha ufa.

Juzi filamu ilipokwisha, ukumbi mzima ulisimama ukipiga kelele: "Imetisha! Imetisha!" Hamisi akanikumbatia kwa furaha. Mimi nililisikia neno lile kama ulivyolisikia wewe, nikatafuta mlango wa kutokea.

Pumzika, mke wangu. Masika yamekula ukuta wa upande wa jikoni, na nyumba imeanza kutisha tena. Jumamosi nakuja kukandika.

Mumeo mdogo,
wa Kibaha