Machicha Si ya Kuku Tu, Bibi

Mpendwa Bibi,

Kwa hiyo ulikula. Simu ilikatika kabla hujanijibu, lakini kimya chako nakijua tangu utoto wangu: ni kimya cha mtu mwenye kitu mdomoni. Nilikuuliza, "Bibi, asubuhi umekunywa chai na nini?" ukanyamaza, na nyuma yako nikamsikia Shangazi Mwanahawa akisema kwa fahari, "Mwambie nimekupikia mkate wa mchele, sijatia sukari hata chembe!" Kisha mtandao ukapotea, nikabaki nimeibana simu sikioni na hakuna mtu upande wa pili.

Shikamoo, Bibi. Nimeanza kukugombeza kabla ya kukuamkia, nisamehe. Najua Shangazi ndiye anayekusomea. Shangazi, shikamoo nawe, na tafadhali usiruke mahali panapokuhusu. Barua hii siifungi kwa gundi. Atapewa kondakta wa basi la Pangani hivi hivi ilivyo, na atakayeifungua njiani aisome tu, maana hapo Mwera sijui nyumba isiyokuwa na mgonjwa wa sukari.

Ngoja kwanza nikupe habari za mume wetu, kwani hutasikia lingine kabla ya hilo. Bibi, Rajabu ni mzuri! Akirudi kutoka kwenye duka lake la vipuri vya baiskeli, haji mlangoni kwanza, anakuja dirishani, ananiita jina langu taratibu utadhani analionja. Juzi alikuja na viazi vya karai kwenye mfuko wa shati, mafuta yamemchora doa kifuani, akasema, "Nilitaka nikuletee Tanga nzima, mfukoni imeingia hii tu." Nilicheka hadi machozi. Siku ya harusi ulimshika kidevu mbele ya watu ukamwambia, "Huyu nimekuazima tu, mume wangu. Mke wako wa haki ni mimi." Mpaka leo akiamka ananiuliza, "Mke mkubwa kaamkaje?" Nampenda, Bibi. Nampenda hadi naona haya kuandika, na Shangazi anasoma kwa sauti.

Lakini nimefungiwa, Bibi wangu. Sijui neno jingine.

Hapa Ngamiani kwa mama mkwe, bi harusi hashiki chungu mpaka hina imtoke mikononi, na haendi kwao mpaka apelekwe na mama mkwe pamoja na wifi, na masinia nyuma yao. Fungate imekwisha zamani. Ila Wifi Zuhura yuko Mombasa, na kila akipiga simu anasema wiki ijayo atavuka mpaka wa Horohoro. Wiki ijayo ikifika, ana wiki ijayo nyingine. Na hina nayo ikianza kufifia, mama mkwe anamwita fundi anipake upya. Anafanya kwa mapenzi! Ananishika vidole kimoja kimoja na kusema, "Mwanangu ametuletea lulu, lulu haikwanguliwi masufuria." Nitamchukiaje mtu kama huyo? Angekuwa mkali ningejua pa kuanzia. Basi nakaa juu ya mkeka, nimefukizwa udi, wageni wanaingia kunitazama, wanasema mashallah, wanatoka. Ukuta wa mbele una kalenda, dirisha linatazama ukuta wa jirani. Asubuhi linaletwa sinia: vitumbua, mkate wa kumimina, kaimati zimelala kwenye shira ya sukari. Kila nikinyanyua kaimati nauona mguu wako.

Shangazi aliniambia kile kidonda cha kidole gumba kimekuwa cheusi pembeni. Aliniambia na alivyosema nesi wa zahanati: sukari isiposhuka utapelekwa hospitali kubwa, na huko kinachozungumzwa ni kukata. Tangu hapo, Bibi, kila sinia linaloingia nalisukuma pembeni.

Unakumbuka nilipomaliza kidato cha nne nikaja kukaa nawe? Ulikuwa umetoka kupimwa, umekasirika na dunia nzima. Nesi alikuambia upunguze mkate, ugali na wali. Ulivua viatu, ukakaa kwenye kibao cha mbuzi, ukaanza kukuna nazi kwa hasira, unasema, "Mtu wa Pwani asinywe chai kwa mkate, anywe kwa nini? Kwa majani?" Ukakamua tui la kwanza, ukakamua la pili, ukanyanyua machicha uyamwage kwa kuku. Hapo ndipo nikakushika mkono. Sijui nilikuwa na akili gani siku ile. Niliyakaanga makavu, nikayatwanga, nikayachanganya na mayai, nikaoka kwenye kikaango cha chapati. Ulisimama nyuma yangu muda wote.

"We mwana, hicho ni chakula cha kuku."

"Onja, Bibi."

"Wewe mume hatakuoa. Atakufuga."

Ukaonja. Kuku walikuwa wamejipanga mlangoni wanakutazama kama wadai, nawe ukawageuzia mgongo ukauliza, "Kuna kingine?" Wallahi sijawahi kufurahi vile shuleni hata siku moja. Miezi ile sukari ilishuka, ukaanza tena kwenda mwenyewe kisimani, na mimi nikajiona daktari.

Si kwamba ulikuwa malaika. Nakumbuka maulidi ya kwa jirani, nilipokuta andazi limefungwa kwenye pindo la kanga yako.

"Hili la nani?"

"Nimemchukulia mgonjwa."

"Mgonjwa gani?"

"Mimi."

Shangazi, sasa panakuja panapokuhusu. Usinikasirikie. Najua unaamka alfajiri kwa ajili yake, na najua mkate wako wa mchele hauna mfano Mwera yote. Lakini sukari haikai ndani ya kopo peke yake. Mchele, muhogo, sembe, unga wa ngano, vyote vikifika tumboni vinageuka sukari ile ile. Mkate wako mweupe ni sukari iliyovaa kanzu. Na zile tende unazomtilia kwenye chai kwa sababu ni sunna, ni sunna kweli, na ni sukari kweli.

Nilitaka kukuandikia vipimo vya mkate wa machicha, nikagundua sivijui. Nilizoea kupika kwa mikono, sikupima kwa kitu. Mikono ndiyo inayojua, nayo imepigwa marufuku. Basi Ijumaa, Rajabu aliporudi kutoka msikitini na mama mkwe yuko kwa jirani, nilimwambia, "Leo utanipikia." Akaingia jikoni. Mimi nikasimama kizingitini, vidole vyangu vya miguu kwenye mstari wa mlango, sikuvuka hata ukucha.

"Tia machicha kwenye kikaango kikavu. Bila mafuta. Koroga."

"Mpaka lini?"

"Mpaka yanukie."

"Yanukie nini?"

"Rajabu, koroga! Yanaungua!"

Yakaungua. Ya pili yakawa meupe na mabichi. Ya tatu, Bibi, yakatoa harufu ile ya nyumbani kwetu ikanijia pale mlangoni. Akaoka mkate wa kwanza ukavunjika, wa pili ukashikana, akarudi kukaanga machicha mengine. Mume wetu alikuwa na jasho mpaka kwenye nyusi na kofia yake ya Ijumaa imejaa chenga za nazi, na nilimpenda siku ile kuliko siku ya harusi. Ndipo nikasikia nyuma yangu:

"Rajabu! Tangu lini nyumba hii ina kuku?"

Mama mkwe. Nitakueleza. Lakini kwanza Shangazi apate vipimo, nisije nikasahau kwa kulia.

Yakaushe machicha juani au yakaange makavu kwa moto mdogo mpaka yawe ya kahawia nyepesi, kisha twanga. Ukiyaweka kwenye kopo kavu yatakusubiri siku kadhaa. Asubuhi chukua konzi mbili kubwa, piga mayai mawili, chumvi kidogo, kitunguu kilichokatwa, na maji kiasi tu yashikane. Yaache yanywe maji wakati chai inachemka. Kikaango kipate mafuta kidogo, moto mdogo, funika. Usiugeuze mapema, utavunjika. Ule wa kwanza Rajabu aliula kwa kijiko. Chai iwe ya tangawizi, iliki na mdalasini, na tende zibaki mezani kwa wageni.

Siku mayai yakikosekana, chukua jani pana la kabichi, lichovye kwenye maji ya moto mpaka lilegee, zungushia samaki wa kuchoma au dagaa waliokaangwa na nyanya na pilipili, likunje kama unavyokunja chapati. Bibi atasema halina adabu. Mpe hivyo hivyo, la moto. Jioni, mchicha kwa karanga zilizotwangwa, au supu ya samaki yenye bamia na ndimu nyingi, iwe nzito ashibe bila ugali. Biringanya ukiichoma kwenye mkaa, ukaiponda na tui zito na kitunguu, ni chakula cha haraka na kinapasha tumbo. Vyote hivyo havifiki muda wa kuivisha maharage.

Ila dawa zake zile zile, kama nesi alivyosema, na akishameza asikae na njaa. Akitokwa na jasho la ghafla na mikono ikitetemeka, hapo sukari imeshuka mno: mpe maji ya sukari upesi, kisha zahanati. Siku hiyo tu ndiyo ya kopo la sukari. Na kidonda kifungwe na nesi, si kwa majani wala kahawa.

Sasa, mama mkwe. Alitutazama mmoja baada ya mwingine, mwanawe na chenga kichwani, mimi kizingitini kama mfungwa anayemwelekeza mwizi. Akachukua kipande cha mkate, akakitafuna.

"Hiki cha nani?"

"Cha Bibi yangu, Mama. Ana sukari. Mguu una kidonda."

"Mbona hukusema?"

Nilitaka kumwambia kwamba katika nyumba hii napewa kila kitu kabla sijafungua mdomo, ndiyo maana mdomo wenyewe umesahau kazi. Nikasema tu, "Naomba niende Mwera, Mama."

Akakunja upindo wa kanga, akaukunjua. "Zuhura akifika tutakupeleka kwa heshima yako. Masinia nimeshayaagiza."

Bibi, mimi ni yule yule uliyemfundisha kutomjibu mkubwa. Nilitazama chini. Nikaiona miguu yangu, imechorwa maua mpaka kwenye vifundo, mizuri, mizima, haina pa kwenda. Nikajisikia nikisema, "Mama, mguu wa Bibi haumsubiri wifi."

Rajabu akaacha kukoroga. Sikujua kama nimeharibu ndoa yangu au la. Mama mkwe alikaa kwenye kiti cha jikoni hadi kikaango kikaanza kutoa moshi na hakuna aliyekiepua.

"Ukienda bila masinia," akasema mwishowe, "watasema nimekufukuza."

"Watasema mimi nimekimbia, Mama."

"Basi watatusema wote wawili." Akavuta pumzi. "Usiku mmoja tu. Ukalale, ukamtazame, urudi. Na Zuhura akifika utapelekwa upya kama vile hukwenda."

Usiku mmoja, Bibi! Nililia kwa furaha, na nilipomaliza furaha nikaendelea kulia, kwa sababu usiku mmoja ni mfupi mno na nimeuomba kama sadaka. Sijawahi kuomba ruhusa ya kuja kwako. Nilikuwa nakuja tu. Nimepata mume ninayemwota hata akiwa amelala pembeni yangu, na bado kuna saa za mchana naweka kiganja kwenye nondo za dirisha na kuhesabu njia: Pangani, mto, upande wa pili, Mwera. Rajabu ananiambia nisubiri kidogo, tutapanga vyumba vyetu wenyewe, na jiko la kwetu halitakuwa na mlinzi. Namwamini. Lakini kidonda hakingoji vyumba.

Kwa hiyo nakuja kabla mwezi huu haujaisha. Nitakuja bila masinia, bila vigelegele, bila buibui jipya, mimi na mfuko wangu na labda mume wetu kama atapata wa kumwachia duka. Majirani watakuuliza kama nimeachika. Waache waulize. Usinitetee, usipoteze pumzi yako kwa hilo. Wewe kula nilichomwandikia Shangazi, nenda kwa nesi kila akikuita, na nikifika uje unipokee mlangoni mwenyewe, kwa miguu yako yote miwili.

Mjukuu wako na mke mwenzio,
wa Ngamiani kwa sasa