Seli Zangu Kibaha, Mimi Kisarawe

Jumatatu, 4 Agosti

Siku ya sitini ya eda. Zimebaki sitini na nane. Nimefagia uani, nimeosha vyombo, nimekaa. Mama mkwe hataki nivuke kizingiti. Nikimwambia sheikh mwenyewe kasema mwenye shida anaweza kutoka mchana, ananitazama kama nimemtukana marehemu.

Neema, mwenzangu wa utafiti, kapiga simu kutoka maabara, Kibaha. Vile vibao vya mistari vya kuoteshea seli tulivyoagiza havijafika. Mwalimu anayetusimamia anasema picha za seli zisipopatikana mwisho wa mwezi, utafiti anampa mwanafunzi mwingine. Miaka yangu miwili. Nimekasirika mpaka chakula kimenishinda.

Jumatano, 6 Agosti

Nimewaza kutwa. Swali letu ni dogo. Seli ya neva, tunaitoa kwa kifaranga aliye bado ndani ya yai. Iweke juu ya kitu laini, inatoa mikono kila upande, kama buibui aliyekanyagwa. Iweke juu ya mistari midogo mno, tunadhani itarefuka na kuifuata. Tukiwa na uhakika, siku moja aliyekatika neva ya mkono atawekewa kitu cha kuiongoza iote tena.

Na CD ina mistari. Haionekani kwa macho, lakini ipo, imejipanga. Unabandua ganda, unamwaga silikoni, ule mpira wa majimaji, ikikauka inatoka na mistari ile ile. Hiyo naifanya chumbani. Eda haijanifunga mikono.

Alhamisi, 7 Agosti

Neema kaja na chupa ya silikoni. Mama kampokea vizuri, kampa na mihogo. Nikamwomba Mama CD moja ya zamani.

"Chukua hizo za Kihindi. Nani anaangalia tena?"

Nimechukua ya juu, kwenye kasha la filamu. Haina maandishi, nyingi humu ndani ni za kuchoma. Kuijaribu haikuwezekana, televisheni imefunikwa kanga tangu msiba. Nimebandua kwa wembe na selotepu. Nimemwaga.

Leo kutwa sijamlilia mume wangu, Salumu. Nimeona aibu kidogo, halafu sikuona tena.

Jumamosi, 9 Agosti

Imetoka safi. Ukiigeuza kwenye mwanga inametameta rangi zote. Neema kaja kuichukua, nimemsindikiza kwa macho mpaka kona. Kazi yangu imekwenda Kibaha. Mimi nimebaki na ufagio.

Jumanne, 12 Agosti

Mama kapekua kabati anatafuta CD ya harusi yetu. Haangalii, anataka tu kujua ipo. Kafungua kasha la harusi, ndani kuna CD ya filamu. Michoro ya Kihindi juu yake, hata mtoto angeitambua. Basi niliyoibandua ndiyo ya harusi.

Nyumba hii kila mtu akimaliza kuangalia anatumbukiza CD kwenye kasha lolote lililo wazi. Salumu ndiye alikuwa bingwa wao.

Nikamwambia pale pale. Mama, nimeibandua mimi. Hakupiga kelele.

"Sauti ya mwanangu ilikuwa humo," alisema, akaingia chumbani kwake.

Alhamisi, 14 Agosti

Mama anakula peke yake. Kuondoka siwezi, kukaa siwezi. Kuta nimeshazijua nyufa zote. Najichukia. Namchukia na Salumu kwa kuchanganya makasha. Ndiyo, nimeandika.

Jumatatu, 18 Agosti

Neema katuma picha. Kwenye kibao laini seli zimetawanyika hovyo. Kwenye silikoni yetu zimekuwa nyembamba, ndefu, mikono imelala na mistari. Chache zimekata mistari zikaenda zinakotaka. Nazo nimezihesabu.

Nilitaka kufurahi, furaha ikagoma. Mwalimu anataka turudie mara mbili zaidi ndipo aamini. CD nyingine nitamwomba nani, kwa uso gani?

Nimeenda kwa Mama, nimemwekea simu mapajani. Nimemweleza picha zote.

"Mistari hii ni ya ile CD?"

"Ndiyo, Mama."

Ameitazama muda mrefu. Kisha akauliza hizi zilizotawanyika zimekosa nini. Nikamjibu, zimekosa cha kushika. Akanirudishia simu.

Jumanne, 19 Agosti

Nimefua, nimeanika.

Alhamisi, 21 Agosti

Asubuhi nimekuta televisheni iko wazi. Mama amekaa mbele yake juu ya mkeka, sauti kaizima, Wahindi wanacheza. Nimerudi jikoni.

Adhuhuri kaja, kaniwekea CD mbili mkononi.

"Nimeziangalia mpaka mwisho," alisema. "Hamna mtu wetu humo."

Silikoni ya juzi imebaki ya kutosha. Nimekaa uani na wembe wangu, yeye kaketi pembeni anamenya mihogo. Bado siku hamsini na moja.