Nimenasa Juu ya Ukuta wa Shule ya Mwanangu

Mshauri mpendwa, nisaidie kabla sijaaibika tena.

Mimi nina saluni hapa kijijini, karibu na mji wa Oristano, kisiwani Sardinia, na binti yangu Ilenia, mwenye miaka sita, aligundulika na kisukari mwaka jana, basi mkononi amebandikwa kidude kinachopima sukari na kutuma namba kwenye simu yangu, na simu hiyo ikilia tu roho inaniruka, nampigia mwalimu wake, Fedela, naye hujibu, "Mama Ilenia, tumeshaona, tumeshampa juisi," lakini mimi moyo hautulii mpaka nimwone mtoto kwa macho yangu.

Juzi nilikuwa nampaka Bi Pinuccia rangi ya nywele, simu ikalia, sukari inashuka, napiga shuleni hakuna anayepokea, nikamwacha mama wa watu na rangi kichwani, nikakimbia na chupa ya juisi, nakuta geti limefungwa, na uchungu wa mwana aujuaye mzazi, nikaparamia ukuta, sketi ikanasa kwenye chuma, nikaning'inia mbele ya shule nzima, watoto wanashangilia kama wako uwanja wa mpira, na Ilenia huyo uani anaruka kamba, juisi kashakunywa zamani, akaniangalia akasema, "Mama, shuka bwana, unaniaibisha!" Mwalimu Fedela akaleta ngazi. "Leo nimekushusha mimi," akaniambia. "Siku nyingine naita zimamoto." Kurudi saluni, Bi Pinuccia kichwa chote rangi ya karoti, na harusi ya mwanawe ndiyo hiyo imefika.

Sasa darasa lao linakwenda kushinda milimani kwa wafugaji wa kondoo, waone jibini inavyotengenezwa, na huko simu haishiki mtandao, nikakataa, Ilenia akalia mpaka akapata kwikwi, kisha akaniambia, "Mama, mimi naumwa sukari, lakini wewe unaumwa mimi." Mume wangu Gavino akaenda kuchekea jikoni. Mama mkwe anasema hiki ni kijicho cha watu, anatumbukiza ngano kwenye maji kukiondoa. Mshauri, nimzuie mtoto, au nilifuate basi lao kimyakimya na gari?

Bonaria. Jina sifichi, kijiji kizima kimeshaniona nikining'inia.

*

Pole, Bonaria. Mtoto mdogo hivyo kuishi na sindano si jambo la mchezo, na hofu yako si ujinga. Lakini ukuta ulikukosea nini?

Mwanamke mwenzio kampa mwanao juisi kabla wewe hujavuka barabara, unataka akufanyie nini zaidi? Ukimpigia kila simu inapolia, amwangalie nani, Ilenia au wewe? Hapo nimekugombeza, yamekwisha.

Ila simu kutopokelewa, hilo ni kosa lao, na lisemwe. Nenda shuleni, kwa mlango safari hii, ukiwa na muuguzi wa kliniki yenu. Mkae na Fedela na mwalimu wa pili, maana Fedela naye anaweza kuugua. Waelezwe dalili: jasho, kutetemeka, kununa ghafla. Sukari ikishuka, mtoto anapewa juisi pale pale alipo, anapimwa tena baada ya muda mtakaoambiwa, na haachwi peke yake hata kwenda chooni. Akizimia, asinyweshwe kitu. Apigwe sindano ya dharura, ile ya kupandisha sukari, na gari la wagonjwa liitwe. Juisi na sindano hiyo vikae darasani, si kwenye kabati la mkuu wa shule ambalo ufunguo wake haujulikani uliko. Na muwe na namba moja ambayo lazima ipokelewe.

Milimani, mpe mwalimu kipokezi, kisomaji kidogo kinachopata namba za kidude cha Ilenia bila mtandao, na kipimo cha kidole. Kutembea kunashusha sukari, kwa hiyo dozi ya insulini ya siku hiyo waulize kliniki, na chakula fungasha cha ziada. Jibini ataila kama wenzake. Mama mkwe mwache na ngano yake, haimdhuru mtu mradi sindano haikosekani.

Basi hulifuati. Ukilifuata, nitasikia, Sardinia hii ni ndogo.

Tia sahihi ya ruhusa leo, kisha umwambie mtoto wewe mwenyewe, usimtume Gavino: "Nenda, mwanangu." Akishapanda basi, lia utakavyo.