Jaribio la Mama Stoo

Jumatatu, 3 Machi

Kikao cha kuchagua jukwaa la kujengea programu. Hatimaye! Programu ya stoo ya vipuri niliiandika mwenyewe miaka kumi na miwili iliyopita, na waliotengeneza jukwaa nililoijengea wanaacha kulihudumia mwakani. Lazima tuhamie lingine. Mimi nataka lile la kutengenezea programu za kukaa ndani ya kompyuta — za kibodi, mtandao uwepo usiwepo. Meneja anataka lile la kwenye kivinjari, la kufungulia mtandaoni. Kwa nini? Kaona slaidi! Mshauri wake, tunamwita Bwana Slaidi, kasema langu ni la kizee. Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, mjinga mimi.

Jumatano, 5 Machi

Nimempa meneja ripoti, kurasa tisa. Kasoma wa kwanza, kauliza picha ziko wapi.

Alhamisi, 6 Machi

Nimepata dawa yao. Tuache maneno, nikasema, tujaribu kwa mtumiaji wa kweli. Nikamtaja Mama Stoo. Huyu mama ana miaka ishirini na sita pale kwenye dirisha la stoo. Kibodi haitazami hata kidogo: namba ya kipuri, Enta, idadi, F5 kuhifadhi, risiti hiyo inatoka, na bado anamtania fundi kuhusu shati lake. Mausi kaifunika kwa kitambaa. Akiwekewa lile dude la kubofyabofya, wataona wenyewe linavyochelewesha kazi. Meneja kakubali haraka. Haraka mno, nikifikiria sasa.

Nilipomwambia Mama Stoo, alinishika mkono. Mwanangu, usije ukaniaibisha mbele za watu. Nikamwambia aniamini.

Jumatatu, 10 Machi

Sijui niandikeje.

Mama Stoo kaja amevaa gauni lake la kuendea harusini. Wakaanza na jukwaa la Bwana Slaidi. Langu lingefuata "muda ukibaki". Oda moja, beringi nne. Akaandika zote, akabonyeza F5. Kwetu F5 ni kuhifadhi. Kule inafungua ukurasa upya na kufuta kila ulichoandika! Akaandika tena. F5. Tupu. Mara ya tatu, F5 tena — vidole vyake havijui kingine, mimi ndiye niliyevizoesha. Bwana Slaidi kashika simu, anahesabu muda. Dakika kumi na moja. Mama wa watu anatoka jasho, anaomba radhi. Nikasema kwa sauti, tatizo ni jukwaa! Meneja akasema, tumeona, asante. Langu halikujaribiwa.

Jumatano, 12 Machi

Barua pepe ya meneja. Jukwaa la kivinjari limepita. Kasoro iliyoonekana ni mtumiaji. Nafasi ya stoo itatangazwa, apatikane mtu "anayekwenda na wakati". Ripoti ya jaribio isainiwe na aliyependekeza jaribio. Yaani mimi! Nimemchongea kwa mkono wangu mwenyewe. Nimejichukia leo kuliko ninavyomchukia meneja, na huyo namchukia kwelikweli.

Mke wangu anasema nisiposaini watatutoa wote wawili. Kwani sijui?

Ijumaa, 14 Machi

Fomu ya ripoti iko mezani kwangu. Wameshaijaza wao: "Mtumiaji alishindwa." Imebaki saini. Meneja katuma mtu mara mbili kuiulizia.

Na sasa hivi kaingia Mama Stoo. Hana habari ya tangazo — hakuna aliyemwambia, hata mimi! Anacheka. Siku nne anafundishwa mausi na binti yake, F5 haigusi tena, kaapa. Anataka nimwombee kwa meneja ajaribiwe upya. Kakaa mbele yangu. Kaiona fomu, kaona jina lake kwa herufi kubwa juu. Hii ndiyo ripoti yangu? Nisomee basi mwanangu, miwani nimeiacha dirishani.

Nimemwambia, subiri kidogo mama, kuna kitu namalizia kuandika. Ndicho hiki. Amesema nisijali, nimalize kazi yangu taratibu, yeye hana haraka