Mashine Ikinyamaza

Swahiba, usinipigie. Soma tu.

Vyuma vimekatika. Si unajua tunavyochimba: sisi tuko juu, kichwa cha kukata mwamba tunakivuta kwa vyuma hivyo kutoka chini kama ndoo ya kisimani, na mawe yanamwagika kule kule chini. Sasa kichwa kimebaki kimenasa humo tunduni na hakina cha kukishika.

Nikazima mashine. Mtu yeyote angezima.

Nikazima, swahiba. Na tukizima huku juu, ndiyo ruhusa ya shemeji kuingiza gari lake chini ya tundu azoe kifusi. Mimi mwenyewe ndiye niliyemfundisha, "Mashine ikinyamaza, ingia."

Nikamwita kwenye redio. Akajibu anacheka, "Shemeji, leo mawe machache, mmelala huko?"

Nikamwambia toka. Toka hapo chini sasa hivi.

"Nimalize mzigo huu mmoja tu."

Huu mmoja tu. Ndivyo anavyomjibu dada kila akiitwa mezani.

Kisha ardhi ikatikisika. Mpaka huku juu, kikombe changu kimeanguka.

Kitufe cha redio yake bado kimebanwa, na kile hakikai bila nguvu ya kidole. Nasikia injini inanguruma pale pale, haisogei. Na akibana yeye, mimi siwezi kusema kitu akasikia.

Waokoaji wameshuka. Dada anapiga, sipokei.

Msimamizi anasema angalau aachie kitufe tuongee naye. Wote hapa wanaomba kidole kile kiachie.

Mimi naomba kisiachie.