Mikono ya Ngozi ya Kuku

Jumapili, 6 Julai 2025
Wamekuja kunipima nguo ya harusi. Nilivua sweta na balaa likaanza. Mama Clémentine, shangazi wa mchumba wangu Mwepu, alinishika juu ya kiwiko, akaniachia haraka. «Hii njo nini? Upele? Inaambukizaka?» Akajifuta kidole kwenye kikwembe chake! Mbele ya mawifi wote. Aibu gani hii, siku ishirini kabla ya harusi.

Jumanne, 8 Julai
Nimejisugua kwa jiwe la miguu na sabuni ya kufulia. Vipele viko palepale, sasa vyekundu, vinawaka. Kiangazi hiki kinanikausha kama muhogo juani. Nalia tu.

Alhamisi, 10 Julai
Kituo cha afya. Muuguzi Élisa alinipapasa mikono yote miwili bila glavu — nusura nimkumbatie. Ni kératose pilaire, anasema. Ngozi ya kuku. Ngozi inaziba vitundu vya vinyweleo, basi. Haiambukizi, haina madhara, kiangazi huizidisha. Lakini haiishi kabisa. Nisisugue. Nioge kwa maji ya vuguvugu, nipake vaselini kabla ngozi haijakauka.

Nikamwomba aniandikie jina la ugonjwa kwenye karatasi, na muhuri. Jioni ileile nikampelekea Mama Clémentine. Mjinga mimi!

Jumamosi, 12 Julai
Alisoma neno moja tu. «Tuberculose, kératose, zote zinaishaka na "ose". Iko ndugu yake!» Sasa mtaa mzima wa reli «unajua» kwamba nina kifua kikuu, kwamba nakohoa. Sijakohoa tangu Krismasi.

Jumapili, 13 Julai
Misa. Benchi zima langu peke yangu.

Jumatano, 16 Julai
Napaka, napaka. Mikono imelainika kidogo. Ya nini? Mwepu hapigi simu. Nimechoka na ngozi hii, nimechoka na mimi.

Jumapili, 20 Julai
Mwepu amekuja! Naandika chumbani, pazia wazi kidogo. Yuko sebuleni na mama yangu. Anasema wazee wake wanataka harusi ingoje, nipigwe kwanza picha ya mapafu. Na yeye? Hajui amwamini nani. Hajui! Miaka mitatu!

Mama hajabishana. Amekunja mkono wa blauzi hadi begani. Vipele vyake, vilevile kama vyangu. Hajawahi kumwonyesha mtu.

«Shika, mwana. Baba yake iko analala pembeni ya huu mukono tangu myaka makumi mbili na nane. Ulishamusikia anakohoa?»

Mwepu anautazama mkono ule. Mikono yake bado imo mifukoni.